Ala ya bastola: ngozi au plastiki ngumu, kwa anayeibeba kila siku katika joto la Dar es Salaam

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninawaandikia wale wanaomiliki bastola kihalali, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ambao shughuli zao zinawalazimu kuibeba mwilini karibu kila siku. Mimi ni mmoja wao. Nina duka la jumla Kariakoo, ninaishi Kigamboni, na bastola yangu hukaa kiunoni tangu ninapofunga hesabu za jioni hadi ninapoifungia ndani ya sefu nyumbani. Wengi wetu tulipokuwa tunanunua silaha tuliuliza kila kitu: uzito wake, ukubwa wa risasi, idadi inayoingia kwenye magazini. Ala yenyewe tukaichukua dakika za mwisho, na mara nyingi ile ya bei ya chini kuliko zote. Nami nilifanya hivyo, na yaliyonikuta ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu.

Nitatumia neno ala, ingawa najua wengi husema holsta. Watu wa pwani wameliita hivyo vazi la jambia na la kisu tangu zamani, na bastola nayo inastahili.

Ala yangu ya kwanza ilikuwa ya ngozi, nyeusi, nzuri kwa macho, ya kuvaa ndani ya suruali. Bastola ilikuwa CZ 75, ya chuma kitupu, yenye ile rangi ya buluu iliyoiva ambayo kwa kweli ni tabaka jembamba sana la kuzuia kutu. Mwaka wa pili, mwezi wa nne, masika ilinikuta kwenye foleni ya kivuko pale Magogoni. Nililowa hadi ndani. Nilipofika nyumbani nilikuwa hoi, nikaitoa bastola kiunoni pamoja na ala yake, nikaviweka vyote kwenye sefu kama vilivyo, nikalala. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi nilipoichomoa, ubavu wote uliokuwa umelalia ngozi ulikuwa na mabaka ya rangi ya machungwa, na mshono wa ala ulikuwa umejichora juu ya slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza mbele na nyuma, tundu kwa tundu, kana kwamba mtu amekaa na sindano akaudarizi juu ya chuma. Kutu niliifuta kwa mafuta na pamba, lakini ile mistari ya nukta haikutoka, na ipo hadi leo.

Sababu yake si uchawi. Ngozi hunywa maji: hunywa mvua, hunywa jasho, na hunywa hata unyevu wa hewa ya bahari tunayoishi nayo mwaka mzima. Ikishakunywa haitoi upesi. Ndani ya unyevu huo mna chumvi ya jasho, na mna dawa zilizotumika kuitengeneza ngozi yenyewe, ama asidi ya magome ama chumvi za kromu. Chuma kikifungiwa humo siku tatu, kwenye sefu isiyopitisha hewa, kutu haiwezi kukosa. Kwa hiyo kanuni ninayoishika tangu siku hiyo ni kwamba bastola hailali ndani ya ngozi, hata usiku mmoja. Ikifika nyumbani inatoka, inafutwa, inalala peke yake, na ala inatundikwa mahali penye hewa, mbali na jua.

Hata hivyo kutu haikuwa sababu ya kuiacha ala ile. Kutu huharibu mali. Kilichonitisha kilihusu mwili wangu.

Baada ya miaka kama mitatu ngozi ilikuwa imelegea. Mdomo wa ala, ambao zamani ulibaki wazi baada ya kuchomoa, sasa ulikuwa unajifunga kwa shinikizo la mkanda na tumbo. Jioni moja nilikuwa ninafanya mazoezi ya kuchomoa na kurudisha, bastola ikiwa tupu, risasi na magazini vikiwa chumba kingine. Wakati wa kurudisha nilihisi kitu kinaipinga bastola. Kwa mazoea ya mkono ningesukuma tu, maana ngozi mpya nayo hupinga. Siku hiyo nilisimama, nikainua shati, nikatazama. Ukingo wa mdomo wa ala ulikuwa umejikunja kama ulimi, na ncha yake ilikuwa imeingia ndani ya ile pete inayozunguka kifyatulio, imekaa sawasawa pale kinapokaa kidole. Ningeongeza nguvu kidogo, ngozi ile ingefanya kazi ya kidole. CZ yangu ina kizuizi cha usalama cha dole gumba, lakini Glock, ambayo wengi wenu mnaibeba, haina kizuizi cha namna hiyo. Kifyatulio chake kikisukumwa na kitu chochote kilichokaa mahali pa kidole, kitafanya kazi yake. Na mtutu wakati huo unatazama paja au nyonga ya mwenye silaha.

Ala ile niliikata kwa mkasi usiku uleule, nisije nikamgawia mtu.

Baada ya hapo nilihamia kwenye plastiki ngumu inayoitwa Kydex. Plastiki hii iliingia sokoni Marekani mwaka 1965 kupitia kampuni ya Rohm and Haas, na kazi yake ya kwanza ilikuwa sehemu za ndani za ndege. Baadaye mafundi wa ala wakagundua kwamba bamba lake likipashwa joto hulainika, likakandamizwa juu ya umbo la bastola, na likipoa hubaki na umbo hilo. Ndiyo maana ala ya Kydex hutengenezwa kwa bastola ya aina moja tu. Unapoingiza silaha husikia mlio mfupi, tak, pale plastiki inapoishika ile pete ya kifyatulio, na hapo unajua kwa sikio na kwa mkono kwamba imekaa. Mdomo wake haujifungi, ukae kwenye bajaji au uiname kufunga viatu. Jasho haliingii. Jioni unaiosha kwa maji na sabuni kama sahani, unaifuta, umemaliza.

Lakini sitaki mtu anunue kwa maneno yangu halafu anilaumu. Kwanza, huchubua. Ukiweka bastola ya buluu, kwenye ncha ya slaidi na kwenye kingo rangi itatoka ndani ya miezi michache, na kama unapita barabara za vumbi, mchanga mwembamba huingia kati ya plastiki na chuma ukafanya kazi ya msasa. Pili, skrubu. Ala hizi hushikiliwa na skrubu, na mwendo wa kila siku huzilegeza. Yangu moja ilidondoka kwenye sakafu ya duka, na bila mwanangu kuisikia ningetoka na ala inayoning'inia upande. Siku hizi natia tone la gundi ya skrubu, kisha nachora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha skrubu hadi kwenye plastiki, na nikiona mstari haukutani najua imezunguka. Tatu, joto. Kydex huanza kupoteza ugumu wake kwenye joto la karibu nyuzi 80 za Selsiasi, na ubao wa mbele wa gari lililofungwa na kuegeshwa kwenye jua la mwezi wa pili haupishani sana na hapo. Ala tupu isiachwe juu ya dashibodi. Ikipinda hata kidogo, ama itaibana silaha isitoke, ama itaiachia idondoke.

Nne ni ngozi yako mwenyewe. Plastiki haipumui, na jasho likikosa pa kwenda hubaki kati yake na ubavu. Mimi huvaa fulana ya ndani ya pamba iliyochomekewa, na bila hiyo nisingeweza.

Ninaomba wenye uzoefu waongeze, hasa wanaotumia ngozi hadi leo na wameridhika.

Fundi wa Mbagala

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma hadi mwisho, na kwa ile ala iliyojikunja nasema pole. Ila naomba niitetee ngozi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu ya miaka mingi, na nahisi uliuziwa ngozi ambayo haikustahili kuwa ala.

Ngozi tunazokutana nazo ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza hutengenezwa kwa chumvi za kromu. Huwa tayari kwa muda mfupi, ni laini, inanyumbulika, na ndiyo inayotumika zaidi kwa juu ya viatu na kwa mikoba. Ukiikata na kuutazama ukingo wake kabla haujapakwa rangi, mara nyingi utaona katikati pana rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Ya pili hutengenezwa kwa tanini za mimea. Wazee wetu wa pwani walitumia magome ya mikoko, na kule Njombe ipo miti ya miwati ambayo magome yake yamekuwa yakikamuliwa dawa hiyo tangu enzi za ukoloni. Ngozi hii huchukua wiki nyingi kuiva, na ukiikata ukingo wake ni wa kahawia hadi ndani. Ikilowekwa hufinyangwa, na ikikauka hushika umbo. Ya kwanza haifinyangiki hivyo hata ufanyeje.

Ala ya kweli hutoka kwenye ngozi ya magome yenye unene wa milimita 3 hadi 4. Ukienda kwa fundi viatu akakushonea ala kwa ngozi ya juu ya kiatu, yenye milimita 2 au pungufu, atakupa kifuko kizuri, na kifuko hicho kitajikunja kama ulivyoeleza. Zaidi ya hapo, ala ya kuvaa ndani ya suruali lazima mdomo wake uongezewe ukanda wa ngozi ya pili, ulioshonwa kwa kuzunguka, na wengine huweka bati jembamba kati ya tabaka hizo mbili, ili mdomo ubaki wazi silaha ikiwa nje. Ukiminya mdomo huo kwa vidole viwili ukakubali kufunga, usilipe.

Neno moja kuhusu kufinyanga, kwa sababu nimeona watu wakikosea hapa. Silaha halisi haiingii kwenye karakana. Mteja wangu wa mwisho alinipa vipimo na picha, nikaenda kwa seremala akanichongea umbo la mninga, lenye pete ya kifyatulio iliyozibwa, na juu ya umbo hilo nikaikandamiza ngozi iliyolowekwa kwa mfupa laini hadi mistari ya slaidi ikatokeza nje. Ilikauka siku mbili kivulini. Kwenye jua ingesinyaa na kupasuka.

Mama Ghala

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi.

Mazungumzo yote hadi sasa ni ya mkanda wa suruali, na sisi wengine hatuvai suruali wala mkanda. Mimi nina ghala la nafaka huko Tandale na bastola yangu ndogo huibeba kwenye mkoba wa begani. Je, ndani ya mkoba nako ala inahitajika, au mfuko wenye zipu unatosha?

Mwanzisha uzi

Marahaba, Mama. Swali lako ni zito kuliko unavyolichukulia.

Zipu haitoshi kabisa. Mkoba una funguo, kalamu, miwani, na vitu hivi havitulii. Kalamu au ufunguo vinaweza kuingia kwenye pete ya kifyatulio kama ulimi wa ngozi yangu ulivyoingia. Bastola ndani ya mkoba inahitaji ala ngumu inayokifunika kifyatulio chote pande zote mbili, na sehemu yake peke yake, isiyowekwa hata kitambaa cha jasho. Ala hiyo ishonewe au ibanwe ndani ya mkoba, ili unapochomoa isije ikatoka pamoja na silaha, na mtutu uwe unatazama upande mmoja unaoujua wakati wote. Hapa sina wasiwasi kukwambia uchague plastiki ngumu. Jasho si tatizo lako, wala huhitaji kitu kinachobembeleza ubavu. Unachohitaji ni ugumu tu.

Ila mkoba una hatari yake nyingine ambayo ala haiwezi kuitibu. Mkoba huwekwa chini: kwenye kiti cha mgahawa, kwenye gari, juu ya meza ya mhasibu. Huporwa na vijana wa pikipiki. Mtoto huufungua akitafuta pipi. Kama unaweza kabisa kubeba mwilini, hata kwa mkanda mpana wa kitambaa unaovaliwa chini ya gauni, ambao una kipande cha plastiki ngumu cha kufunika kifyatulio, ningekuomba ulifikirie hilo. Kama haiwezekani, basi mkoba usitoke begani hadi ufike kwenye sefu.

Na kwa Fundi wa Mbagala, umenifundisha. Ala yangu ilikuwa ya kijivu katikati. Nilikiona kijivu hicho siku niliyoikata kwa mkasi, wala sikujua kilikuwa kinaniambia nini.

Askari Mstaafu

Nimesoma kwa makini. Nimevaa ala za ngozi kazini zaidi ya miaka ishirini, zile za nje ya mkanda zenye kifuniko cha kubana juu, na sijapata tatizo la kujikunja, kwa sababu ala ya nje haibanwi na tumbo. Labda hilo lisemwe wazi: ngozi inayovaliwa nje na ngozi inayovaliwa ndani ya suruali zisihukumiwe kwa pamoja.

Ninaloongeza ni kuhusu risasi. Wapo wanaopenda mikanda ya ngozi yenye vitundu vya kuwekea risasi, na huziacha humo mwezi mzima. Shaba nyeupe ya ganda la risasi ikikaa ndani ya ngozi hutoa utando wa kijani unaonata kama nta. Risasi ya namna hiyo inaweza kukwama inapoingia kwenye chemba, yaani pale inapokaa nyuma ya mtutu tayari kufyatuliwa. Ngozi ni ya kubebea.

Jambo la pili ni mafuta. Vijana tulikuwa tukiwaona wanapaka ala mafuta ya mgando, wakidhani wanaitunza. Mafuta mengi huilainisha ngozi, na ngozi iliyolainika ndiyo hiyo inayojikunja. Nta ya nyuki kidogo kwa nje, ikasuguliwa kwa kitambaa, inatosha kwa miezi.

Kijana wa Kimara

Wakuu, heshima kwenu. Nimepata kibali karibuni na fedha zote zimekwisha kwenye bastola. Nimeona ala za kitambaa cha nailoni zinazoandikwa kwamba zinaingia bastola yoyote, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na hizo mnazozitaja. Je, nianze nazo kwa muda wakati natafuta fedha?

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, hapana, na nakujibu hivyo nikijua vizuri hali ya fedha baada ya kununua silaha.

Ala inayoingia kila bastola haijaishika hata moja. Kile kitambaa ni laini tangu siku ya kwanza, kwa hiyo ubaya ambao ngozi yangu iliufikia kwa miaka mitatu wewe unaununua ukiwa mpya. Ukikimbilia mwendokasi, au ukirushwa na tuta juu ya bodaboda, silaha itachezacheza humo, na kinachoizuia ni kipande cha velkro ambacho baada ya muda hujaa nyuzi na vumbi kikaacha kunata. Sponji iliyo kati ya tabaka za kitambaa nayo hunywa jasho kama ngozi, bila kuwa na uimara wa ngozi. Kwa maoni yangu bastola isiyo na ala ya kuaminika haijawa tayari kutoka nyumbani. Iache kwenye sefu mwezi mmoja au miwili hadi upate fedha.

Ukizipata, usizimalizie zote kwenye ala. Tenga sehemu kwa ajili ya mkanda. Mikanda mingi tunayoichukua kwenye mitumba ni ya kushikia suruali tu. Ukining'iniza kilo moja ya chuma hujipinda, ala ikaegemea nje, na kila hatua utajikuta unaipandisha kwa mkono, kitendo ambacho mtu mwenye jicho hukisoma kutoka ng'ambo ya barabara. Mkanda wa ngozi ya magome wa tabaka mbili, wenye upana wa inchi moja na nusu, unaweza kushonewa hapa hapa mjini. Katika mkanda ninakubaliana na Fundi bila masharti.

Nieleze nilipofikia mwenyewe, baada ya michango ya ndugu hawa. Kwa siku za kawaida, nikiwa na shati la kuachia nje na nikipanda kivuko, nabaki na plastiki ngumu ndani ya suruali. Joto letu na jasho langu havinipi nafasi ya kuchagua. Siku ninazovaa Kaunda suti, ambayo pindo lake linafunika nyonga vizuri, napenda kujaribu ngozi ya nje ya mkanda kama alivyoeleza Mzee wetu Mstaafu, lakini iwe ya magome, yenye mdomo ulioongezewa ukanda, na iwe imefinyangwa kwa bastola yangu hii. Fundi, nitakutumia vipimo vya CZ kwa ujumbe wa faragha. Lile umbo la mninga nitaligharamia mimi.

Kijana, utakapopata ala yako, ya ngozi au ya plastiki, jaribu hivi kabla hujaiamini. Toa risasi zote, uzipeleke chumba kingine, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole. Vaa ala na mkanda, ingiza bastola tupu, kisha ruka juu ya godoro, kaa kwenye kigoda, inama, panda ngazi. Ichomoe na uutazame mdomo wa ala: ubaki wazi. Wakati wa kuirudisha, vuta shati kwa mkono wa kushoto hadi juu ya kitovu, maana pindo la shati au kamba ya jaketi nayo huweza kuingia kwenye pete ya kifyatulio. Kidole kinyooke juu ya slaidi. Inamisha kichwa, tazama inapoingia, na uiingize polepole. Hakuna anayekukimbiza wakati wa kurudisha. Ukihisi chochote kinapinga, simama, itoe, utafute ni nini.

Kijana wa Kimara

Nimeelewa, kaka. Bastola inabaki kwenye sefu. Fundi, naomba nami niingie kwenye foleni ya mkanda. Kiuno changu ni inchi 34.

Fundi wa Mbagala

Karibu. Usinipe kipimo cha suruali. Chukua mkanda unaouvaa sasa, pima kutoka kwenye bizimu hadi tundu unalolitumia, kisha ongeza inchi mbili za ala.